Kimeo cha Yusta

Kuna wanawake waliozaliwa kusafiri. Mimi nilizaliwa kufagia. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Bukoba, huyu Mwanza, mwingine hadi Dar es Salaam. Mimi nilitoka kwa baba yangu Nyamigogo, nikaolewa Nyamiaga, na huo ndio ukawa utalii wangu wote. Mume wangu, Sospeta, alizoea kuwaambia rafiki zake kwamba yeye hakuoa mke, alioa kizingiti. Nilicheka pamoja nao.

Nayasema haya mapema ili wewe mama unayesoma, wewe ambaye mwanao analala mdomo wazi na kukoroma kama mzee aliyetoka kilabuni, usije ukadhani unaandikiwa na mwanamke shujaa. Sijui dawa. Baiolojia nilipata alama ambayo sitaitaja hapa kwa kuwa baba yangu bado yuko hai. Ninachokijua ni mafua, masikio, mabenchi ya hospitali na mama mkwe, na kwa hivyo vinne nina uzoefu wa kutosha kufungua chuo.

Binti yangu Yusta alikuwa bado ananyonya wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo. Walikuja kama nzige, vilima vikafunikwa, miti ikaisha, na barabara iliyokuwa ikipitisha gari moja moja ikaanza kupitisha malori ya chakula tangu asubuhi hadi jioni. Nyumba yetu ilitazama barabara. Tulipoijenga tulijisifu kwamba tuko jirani na maendeleo. Maendeleo yenyewe yakaja kwa sura ya vumbi jekundu, likaingia kwenye uji, kwenye nepi, na kwenye pua ya mtoto.

Mafua ya kwanza sikuyajali. Mtoto gani hana mafua? Ya pili yakaja kabla ya kwanza hayajaaga. Kwa ya tatu nikaanza kuhisi kwamba kila mafua yakikaribia kuondoka huenda kwanza kumwita ndugu yake. Kiangazi kilipofika sikio la kulia lilipasuka likatoa usaha. Yeyote aliyewahi kubeba mtoto mwenye usaha wa sikio anaijua ile harufu. Inaingia kwenye kanga, kwenye mto, kwenye nywele zako mwenyewe. Kanisani watu walianza kutuachia nafasi kubwa ya kukaa, nami nikajidanganya kwamba ni heshima.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mama mkwe alikamulia majani aliyoyapasha moto juu ya jiko. Jirani akasema kamulia maziwa yako mwenyewe. Sospeta akaleta mafuta ya kupikia. Sikio la Yusta lilipata chakula cha aina nyingi kuliko tumbo lake. Zahanati yetu ilikuwa imebaki na muuguzi mmoja, wenzake wote wamekwenda kufanya kazi kambini, na huyo mmoja alikuwa na hasira za watu wote walioondoka. "Tena wewe?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Alitupa dawa ya njano ya kunywa. Chupa ya kwanza ilikuwa wakati wa kuvuna mtama. Ya pili, maharage yakiwa na maua. Ya tatu ilikuwa mvua kubwa za masika, na nilipofuata ya nne akaniambia hakuna, akamchoma mtoto sindano, akanitazama usoni.

"Mama, huyu mtoto unamwogesha kwa maji baridi?"

"Hapana, dada."

"Basi una uchafu."

Nilirudi nyumbani nikafagia uwanja mara mbili.

Polepole sura ya Yusta ilibadilika, nasi tuliomwona kila siku ndio tuliokuwa wa mwisho kuona. Mdomo haukufungwa tena. Uso ukarefuka, chini ya macho pakawa peusi kama pa mtu mzima mwenye mawazo. Kula kukawa kazi, maana ukiziba mdomo kutafuna na pua imeziba, pumzi utaipata wapi? Alitafuna mara mbili, akasimama, akahema, akatafuna tena. Akachoka kabla hajashiba. Kukoroma kwake, ni afadhali nisikueleze. Mgeni mmoja alikaa sebuleni mchana akaninong'oneza: "Baba Yusta amelala? Basi nitarudi." Nilimwambia ndiyo, amelala. Sospeta alikuwa kambini akipakua magunia ya mahindi.

Halafu akawa haitiki. Unamwita, anaendelea na mchezo wake. Mama mkwe, ambaye nyumba yake na yetu zilitenganishwa na migomba michache tu, alimchapa kwa kijiti. "Ana kiburi cha Wasubi," alisema, maana mimi ni Msubi wa Biharamulo na wao ni Wahangaza wa Ngara, na kila kilichoharibika katika nyumba ile kilikuwa kimekuja na mimi kwenye sanduku. "Yusta! Yusta wee! Mwone, ananipa kisogo!"

Siku moja sufuria kubwa iliniponyoka nyuma yake kabisa. Kuku walitawanyika, mbwa akabweka, mama mkwe mwenyewe aliruka. Yusta aliendelea kuchora vumbini kwa kidole. Mama mkwe alibaki amesimama na kijiti mkononi.

"Mawe!" alisema kwa lugha yao, akimwita mama yake aliyekwisha kufa. "Mtoto ni kiziwi."

Tangu siku hiyo hakuchapwa tena. Yalikuja mengine. Watu waligundua kwamba wanaweza kumsema mbele ya uso wake huku wanamchekea, naye akacheka pia, kwa kuwa aliona meno. "Kazuri haka, bahati mbaya ni gogo." "Ataolewa na nani huyu? Labda kipofu, wakamilishane." Walicheka, Yusta akapiga makofi. Mimi nilijifunza kupiga kelele. Nilimwita kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na wakati mwingine, akiwa karibu sana, aliniangalia. Alikuwa na umri wa watoto wanaotaja kila kitu. Yeye hakuwa na neno hata moja. Nikajua kwamba kama masikio hayatafunguka kabla umri ule haujapita, hatakuwa nalo.

Ndipo mimi, mtu wa kizingiti, nilipoanza kwenda kambini. Wakimbizi walikimbilia kwetu, nami nikakimbilia kwao, kwa sababu dawa zilikuwa kwao. Hema la kliniki lilikuwa na karani kijana aliyetoka Muleba.

"Unatoka wapi, mama?"

"Nyamiaga."

Alicheka. "Nyamiaga si hapo nyuma ya kilima? Hapa ni kwa wakimbizi."

"Na mimi nimekimbia."

"Umekimbia nini?"

"Mafua."

Wanawake wa Kirundi na Kinyarwanda waliokuwa nyuma yangu walielewa, maana lugha zetu ni ndugu, wakacheka hata wakajishika mbavu. Karani akaniruhusu. Nadhani aliniruhusu ili foleni inyamaze.

Foleni yenyewe ilipangwa kwa mawe. Unafika alfajiri, unaweka jiwe lako nyuma ya jiwe la mwenzako, kisha unakwenda kukaa juani. Jiwe linakushikia nafasi, mradi wakianza kuita mwenye jiwe awepo, na mgonjwa wake awepo. Nilikuwa na jiwe langu jeupe, nimelificha kichakani ili lisichukuliwe. Kwa kuwa umande wa asubuhi ulimzidishia Yusta kikohozi, tulikubaliana na mama mkwe: mimi nitangulie na kuweka jiwe, yeye amlete mtoto jua likipanda. Alifanya hivyo mara nyingi bila kukosea. Alimfunga mgongoni, akapanda kilima kile na magoti yake mabovu, akifika ananitania: "Msubi, jiwe lako lina akili kuliko wewe. Angalau limekaa kivulini."

Mganga wa kambini alituambia kwamba dawa za njano hazitamaliza kitu, kwamba huenda kuna nyama nyuma ya pua ya mtoto inayoziba njia, na kwamba daktari bingwa wa masikio na pua atapita kambini kwa siku moja tu. Akanitajia siku. Niliisubiri kama watu wanavyosubiri harusi. Nilimfulia Yusta gauni, nikamwambia mama mkwe: "Mama, kesho usichelewe."

"Nitachelewaje?" alisema.

Jiwe langu lilikuwa la tatu. Jua likapanda. Wakaita la kwanza. Nikatazama njia ya kilimani. Wakaita la pili. Nikasimama juu ya mzizi ili nione mbali. Wakaita la tatu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Mama, daktari hamtibu mtu aliye njiani. Anayefuata!"

Niliwaruhusu wanne wapite, kisha kumi, kisha nikaacha kuhesabu. Mwanamke mmoja wa Kirundi alisogeza jiwe langu nyuma kila foleni iliposogea, ili lisipotee kabisa. Sikumwomba, wala sijui jina lake. Jioni gari la daktari likaondoka, nalo likaniachia vumbi.

Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka uwanjani, Yusta mapajani mwake. Kidevu cha mtoto kilikuwa na damu iliyokauka, na gauni nililolifua lilikuwa na damu ambayo bado haijakauka. Alikuwa halii. Alikuwa anameza, anakunja uso, anameza tena.

"Imekwisha," mama mkwe alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Usilie, mwanangu. Ni kimeo tu."

Kwa asiyejua: kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Kwetu mtoto akikohoa sana, akikoroma, akitapika, wakubwa hufungua mdomo wake kwa mpini wa kijiko, wanakiona kimelala juu ya ulimi, na hukumu inatoka hapo hapo. Kuna mzee anayekata. Ana waya wa spoku ya baiskeli aliouchonga ncha kama mundu mdogo. Anashika, anavuta, anakata.

"Mama, nilikwambia hospitali."

"Hospitali! Unamtembeza mtoto kama mbuzi wa mnada, dawa ya njano, dawa ya njano, mpaka mkojo wake umekuwa wa njano. Sospeta nilimkatisha kimeo akiwa mdogo kuliko huyu, na leo anabeba gunia begani."

"Shuleni tulifundishwa kinaitwa kidakatonge. Kina kazi yake."

"Basi kingedaka tonge. Hiki kilikuwa kinadaka pumzi." Akafunua jani la mgomba. "Tazama mwenyewe. Kidogo tu, kama punje ya hindi."

Haikuwa punje. Mkono wa mzee ulikuwa umechoka, Yusta alirusha kichwa, na waya ukachukua kimeo pamoja na kipande cha paa la mdomo lililokishika. Kilikuwa pale juu ya jani, na nzi mmoja alikuwa amekwisha kufika.

Sospeta alirudi na unga wa mahindi kwenye nyusi. Nilimuuliza nje, kando ya migomba.

"Ulijua?"

"Mama aliniambia jana."

"Ukasemaje?"

"Nikasema yeye ndiye amelea watoto sita."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unakwenda kuweka jiwe."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana sikuweza kumsamehe kwa muda mrefu. Mtu akikutukana unajua pa kushika.

Masika yale yote yalikuwa ya sindano. Koo liliingiwa na wadudu, homa ikapanda, shingo ikavimba. Nilimbeba kwenda kambini na kurudi, asubuhi na jioni, miguu yangu ambayo haikuwahi kwenda zaidi ya kisimani ikaota sugu. Homa iliposhuka tukagundua jambo jipya. Ukimpa uji, nusu unakwenda tumboni, nusu unarudi kupitia puani. Maziwa yalitoka kwenye matundu mawili kama bomba lililopasuka. Watoto wa jirani walikuja kutazama akila. Na kukoroma? Kulikuwa pale pale. Usaha ulikuwa pale pale. Walichokata hakikuwa na kosa lolote.

Mganga wa kambini alibonyeza ulimi wake kwa kijiti, akamulika tochi, akazima tochi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mzee wa kijijini."

"Nyama yenyewe iko huku juu, nyuma ya pua, haionekani kwa mdomo. Mmemkata shahidi, mwizi bado yumo ndani." Akaandika kwenye karatasi. "Huyu ni wa hospitali ya Mwanza. Nitawatafutia nafasi kwenye gari."

Sitasema mama mkwe aliomba radhi. Hakuomba. Alisema dawa ya kimeo huchukua muda. Lakini ni yeye aliyegundua kwamba ugali mgumu haurudi puani kama uji unavyorudi. Alikuja kila mchana na ugali wa mtama umefinyangwa vidonge vidogo, akamlisha kimoja kimoja, kichwa cha mtoto kimeinamishwa, akingoja pumzi, akilisha, akingoja. Angeweza kutumia mchana mzima hivyo. Nilimtazama kupitia dirishani, nikamchukia, na nikajua kwamba bila yeye mtoto angekufa njaa.

Nafasi kwenye gari haikufika. Mvua za mwisho wa mwaka zilifika na amri ya wakimbizi kurudi kwao. Barabara ile ya vumbi ikajaa watu na magodoro vichwani, siku nzima, kesho yake, na kesho yake tena, wote wakielekea Rusumo. Sospeta alisimama mlangoni akahesabu kazi yake ikipita. Nilipopanda kilima nikakuta hema la kliniki limeng'olewa, mganga ameondoka na wenzake. Matope, makopo, na mstari wa mawe ambao hakuna aliyekuwa nyuma yake. Nilisimama nyuma yake kidogo. Nilijiona mjinga, nikarudi nyumbani kufagia.

Gari tulilipata kiangazi kilichofuata, lori lililokuwa likirudisha mabati na vitanda vya kambini. Dereva alimfahamu Sospeta. Kutoka Ngara hadi Biharamulo tulipita msituni kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma kwa sababu ya majambazi, na mimi, ambaye safari yangu kubwa ilikuwa harusi yangu, nilikaa juu ya vitanda vya hospitali nimemkumbatia mtoto anayekoroma. Dereva alifungua dirisha akapaza sauti: "Mama, mzime huyo, majambazi watadhani ni injini mbovu waje kutusaidia!" Nilicheka. Kwa kweli nilicheka sana, na Sospeta akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya jani la mgomba.

Kuhusu kungoja Mwanza nitasema machache, maana aliyekaa kwenye mabenchi yale hahitaji kuambiwa, na ambaye hajakaa hataamini. Mabenchi yamelainishwa na akina mama wa kanda yote ya ziwa. Unajifunza majina ya watoto wa watu na magonjwa yao, kisha unachanganya, unamuuliza mwenye mguu kuhusu jicho. Unaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa mashine imeharibika. Sospeta alikaa wiki moja, akarudi Ngara kuwahi kupanda maharage. Tulilala kwa binamu yake, ambaye alivumilia kukoroma kwa siku chache, kisha akatuhamishia stoo.

Hatimaye daktari mmoja mwanamama, mwenye miwani na sauti ya chini, alimwangalia Yusta kwa muda mrefu. Alimulika masikio, akamulika koo, akaingiza kioo kidogo. Kisha akavua miwani.

"Nyama ipo, na ni kubwa. Imeziba pua, imeziba na njia za masikio. Sikio la kulia limeharibika sana. La kushoto bado linaweza kuokolewa."

"Basi itoe, daktari."

"Subiri, mama. Kimeo na lile paa laini ndivyo vinavyofunga pua mtu anapomeza na anaposema. Vya huyu vimekatwa. Sasa hivi hiyo nyama mbaya ndiyo inayosaidia kuziba pengo. Nikiitoa atapumua, na sikio litapata nafasi ya kukauka. Lakini akijifunza kusema, sauti itavuja puani. Pengine maisha yake yote."

"Na usipoitoa?"

"Sauti haitavuja. Lakini hatasikia cha kusema."

Nilimtazama Yusta. Alikuwa amepata mfuniko wa chupa na alikuwa anautafuna, mdomo wazi, akihema.

"Ungekuwa wewe, daktari?"

"Siulizwi mimi. Baba yake yuko wapi?"

"Ngara. Anapanda maharage."

"Hakuna mkubwa mwingine wa familia unayetaka kushauriana naye?"

"Yupo bibi yake," nilisema. "Huyo alishachagua mara moja."

Daktari hakucheka. Mimi nilitaka mtu acheke. Mikono yangu ilitafuta ufagio, ikapata ukingo wa meza. Nyumbani mimi ndiye niliyeamua chumvi na nani alale upande gani wa kitanda. Sasa nilitakiwa kuchagua mtoto wangu achekwe kwa lipi.

"Toa," nilisema.

"Nitaacha kidogo upande wa chini, kisaidie kuziba. Siahidi."

"Usiahidi. Toa."

Siku ya upasuaji walimrudisha mchana, amefungwa shuka, damu kidogo mdomoni. Nilikaa kando yake. Wodi ilikuwa na kelele za watoto, lakini kitanda chetu kilikuwa kimya. Nikainama. Kimya. Nikaweka mkono kifuani pake, nikahisi moyo wangu mwenyewe vidoleni, nikaamini amekufa. Nikamshika mabega nikamtikisa, nikamtikisa tena.

"We mama! We!" alipiga kelele jirani yangu wa kitanda, mama mmoja wa Sengerema. "Mwache mtoto, analala!"

"Mbona kimya?"

"Ndivyo watoto wanavyolala, mama."

Midomo ya Yusta ilikuwa imegusana. Sikuwahi kuiona imegusana akiwa amelala. Nilikaa nikaitazama mpaka chai ya jioni.

Kusikia hakukuja siku ile wala wiki ile. Kulikuja na matone, na vitambaa safi vya kukausha sikio, na kungoja. Nilijua kumekuja pale sinia la muuguzi lilipoanguka na Yusta akalia kwa hofu. Nilicheka kwa sauti, akalia zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba aliogopa sauti yangu. Miaka miwili nilikuwa nampigia kelele, nami sikujua kusema naye kwa namna nyingine.

Tulirudi Nyamiaga mvua za vuli zilipoanza. Maneno yalianza mwaka uliofuata, kwa pupa, kama ya mtu aliyechelewa chakula, na yote yalipita puani. Daktari alisema kweli. Herufi zinazohitaji midomo kufunga upepo zilimtoroka. Sikio la kulia halikurudi. Ukitaka akusikie, mwendee kushoto. Lakini alikuwa anakula, ananenepa, anauliza maswali mpaka unatamani kujificha.

Wewe mama, sikia. Mwanao akilala mdomo wazi na kukoroma mwezi baada ya mwezi, mafua hayaishi, sikio linatoka usaha, haitiki ukimwita kwa nyuma, usingoje wala usimchape. Usitie kitu sikioni. Likaushe kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali, na wakikurudisha, nenda tena. Na mtu akitaja kimeo, hata kama ni mtu anayempenda mtoto, na mara nyingi ndiye anayempenda, usimwachie mtoto hata kwa nusu siku.

Haya ya mwisho ni ya mwaka jana, wakati wa palizi. Wifi yangu Dafroza alikuja kwa mama yake na mtoto mchanga anayekohoa. Nilisikia sauti ya kiume ng'ambo ya migomba, nikachungulia. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekunjua kitambaa, waya uko juu ya goti. Mama mkwe alikuwa ameshika kijiko. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wamekuja kumshika mtoto miguu.

Sikuwa na hotuba. Nilimshika Yusta mkono tukavuka migomba.

"Yusta, msalimie mzee."

"Shikamoo, mamu," alisema. Alitaka kusema babu. Upepo ulivuja puani kama filimbi iliyopasuka.

"Marahaba," alisema mzee, akatazama chini.

"Mwambie jina la baba yako."

"Sosmena."

Vijana walicheka. Mmoja alimwigiza, "Sosmena," amebana pua, na mwenzake akajipiga paja. Mama mkwe naye alicheka, kwa mazoea tu, kama tulivyozoea wote kucheka mbele ya Yusta. Dafroza hakucheka. Alimtazama mwanangu, akamtazama mwanawe, akamwinua mkekani, akamfunga mgongoni. Mzee alianza kukunja kitambaa chake.

Yusta hakupiga makofi. Aliwatazama vijana mmoja mmoja. Kisha akainua mkono, akabana matundu ya pua yake kwa vidole viwili, kwa nguvu mpaka kucha zikawa nyeupe, akajaribu tena, polepole.

"So-spe-ta," alisema. Lilitoka safi.

Kicheko kilikatika. Kijiko kilishuka mkononi mwa mama mkwe. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinong'ona.

"Mama Yusta. Kumbe amesikia?"

"Amesikia, mama," nilimjibu. "Ndicho tulichokifuata Mwanza."